Jamleck na Lori la Kilo Nne

“Gari lako halikuwa na breki, Mama Becky, na wewe ulijua!”

Jamleck alinirushia maneno hayo katikati ya hoteli pale Salgaa, mkono mmoja umeshika chapati na ule mwingine unaninyooshea kidole. Madereva waliokuwa wakinywa chai waliweka vikombe chini wasikilize vizuri.

“Breki niliweka mpya wiki mbili kabla,” nikamwambia. “Risiti iko. Fundi yuko. Sema lingine.”

“Hata breki mpya hukataa.”

“Na gia? Gia nayo ilikataa? Lori lilivutwa kutoka kwa mtaro gia ikiwa free.”

“Ilitoka yenyewe.”

“Ilitoka yenyewe! Ilikuwa inaenda haja?”

Watu wakacheka. Jamleck akauma chapati yake na kutafuna kama mtu aliyedhulumiwa na serikali.

Hiyo ilikuwa mara ya tano au ya sita. Mwaka mzima, tangu alaze lori langu kwenye mtaro likiwa na magunia mia moja ya mahindi kutoka Eldoret, huyo mtu alizunguka akisema nilimpa jeneza lenye magurudumu. Na mimi nilizunguka nikiwaambia wenye malori kwamba Jamleck hutoa gia kwa mteremko. Waliniamini mimi. Nimefanya biashara ya viazi na mahindi nao miaka ishirini, na Jamleck wanamjua. Hakuna aliyempa usukani tena.

Anayepita barabara ile kwa gari dogo hawezi kuelewa. Kutoka Sachang’wan kuja Salgaa ni kuteremka tu. Dereva mwenye tamaa akifika pale juu anatoa gia, lori linajiendea bure kama maji, na dizeli iliyobaki anaiuza kwa mtungi nyuma ya kibanda. Lori likiwa kwa gia, injini inalishika. Likiwa free, linashikwa na breki peke yake, na breki zikishachemka haziwezi kusimamisha hata mkokoteni. Kila dereva anajua hivyo. Pia kila dereva atakuapia kwamba wanaofanya hivyo ni wale wengine.

Jamleck alizaliwa Mau Narok, kwenye shamba lililokuwa la mzungu wa ngano. Baba yake alikuwa akimkamulia mzungu huyo ng’ombe, na mzungu alipoondoka, familia ilibaki na ekari nne na tabia ya kujisifia ng’ombe ambao hawakuwa wao. Ndugu zake wote walilima viazi. Jamleck hakulima. Akiwa darasa la saba alidandia lori mpaka Njoro, akarudi baada ya siku tatu. Baba alimchapa, mwalimu akamchapa, na wiki iliyofuata akadandia tena. Akawa turnboi, msaidizi wa dereva. Miaka tisa alilala juu ya magunia. Alipopata leseni alinunua miwani ya jua kabla ya kununua kitanda, na Wariara, ambaye ana akili siku zote isipokuwa siku ile moja, akakubali kuolewa naye.

Siwezi kumnyima moja: barabara aliijua. Usiku, mvua, ukungu wa kule juu, alileta mzigo. Lakini alileta na mdomo pia. Kila safari alikuwa yeye ndiye aliyeokoa lori na matope ndiyo yaliyokosea.

Baada ya ajali aliketi nyumbani kwake Nakuru akilishwa na sweta za shule ambazo Wariara anafuma kwa mashine. Siku moja nilienda kuchukua sweta nilizoagiza, nikakuta meza ya kulia imejaa vyuma. Wariara alikuwa amekalia ndoo, sahani yake iko magotini.

“Hiki ni nini?” nikauliza.

“Ni lori,” Jamleck akasema bila kuinua kichwa.

“Naona ni lori. Nauliza ni la nini.”

“La kupanda mawe. Unaliendesha na rimoti.”

“Likifika juu linashusha nini?”

“Halishushi kitu.”

“Basi limefanana na mwenyewe.”

Wariara akacheka mpaka chai ikampalia. Jamleck hakucheka.

Nikaelezwa, ingawa sikuwa nimeomba. Kuna kijana anaitwa Kigen, wa ofisi ya bima mjini, ambaye kila Jumapili anaenda Menengai na wenzake, watu wazima wenye ndevu na viti vya kukunja, kupandisha tugari kwenye mawe. Jamleck alikuwa amemtengenezea springi za pikapu yake, na badala ya pesa Kigen akampa kagari kake kalikokuwa kamevunjika. Mtu mwenye akili angesema lete pesa. Jamleck alikabeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyetoka kubatizwa.

Kwa miezi minne hakufanya kazi nyingine. Chesisi alitengeneza upya kwa vipande vya aluminiamu alivyookota kwa mafundi wa madirisha. Bodi alikata kwenye debe la mafuta ya kupikia, akalipiga nyundo mpaka likawa kabini, lenye milango inayofunguka na vioo vya kando ambavyo hakuna wa kuviangalia. Difu alizifunga ili magurudumu yote yazunguke pamoja, hata moja likiwa hewani. Gia ya mota akaitoa, akaweka ndogo yenye meno machache, gari liende pole lakini livute kwa nguvu. Ndani ya matairi alijaza sponji ya malapa ya Wariara, na Wariara akaenda kanisani na viatu vya mvua. Ndani ya rimu akagandisha risasi zile za kubalansi magurudumu, ati uzito ukae chini. Kisha, baada ya kuweka uzito chini kwa bidii yote hiyo, akamshonesha Wariara magunia kumi na mawili madogo ya viazi, akayajaza kokoto, na akayapanga huko juu, lumbesa kabisa, yamejazwa kupita kiasi, nyasi zikitokeza kwenye mdomo wa gunia. Lori linalobeba hewa tu halikumpendeza. Kwenye bampa akaandika kwa rangi nyekundu: USINIHARAKISHE.

Likapimwa kwa mizani ya muuza nyama. Kilo nne.

“Kilo nne za upuzi,” nikamwambia Wariara.

“Angalau hayuko kwa baa,” akasema. Hivyo ndivyo mwanamke anavyofika kushukuru kwa vitu vidogo.

Sasa, Kosgei wa Mau Narok akanunua lori la kubebea ngano, na mavuno yalikuwa karibu. Alitaka dereva anayejua kona za kule. Jamleck akaenda kumwona, na Kosgei akamjibu waziwazi: “Mama Becky akisema uko sawa, kesho uko kazini. Akisema hapana, usirudi hapa.”

Ndipo wakaja kwangu, Jamleck na mke wake, wamevaa za Jumapili siku ya Alhamisi. Wariara alibeba mayai. Jamleck alibeba lile lori.

“Mama Becky,” Wariara akaanza, “mashine yangu inataka kurekebishwa, na Sue wetu amepata nafasi ya chuo. Hii kazi ya Kosgei tukiikosa sijui.”

“Aseme ukweli, nitampigia Kosgei saa hii,” nikasema. “Hata mshahara wake wa safari ile, elfu mbili mia nne, nimeuweka tu. Siku atakayosema ukweli atapata.”

“Ukweli nimeshasema,” Jamleck akajibu. “Breki.”

“Basi kunyweni chai mwende.”

“Ngoja. Jumapili kuna mashindano Menengai. Njoo uone mkono wangu. Jiwe ni jiwe na mteremko ni mteremko. Nikipandisha hili na kulishusha bila kulilaza, utamwambia Kosgei mimi ni dereva. Nikililaza, mwambie unachotaka.”

Nilikuwa karibu kumfukuza. Lakini Wariara aliniangalia kwa namna ambayo singependa kuangaliwa mara mbili, kwa hivyo nikakubali. Nilijiambia pia kwamba itakuwa raha kumwona akishindwa.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nikapanda Menengai na mahindi choma yangu. Walikuwa kama kumi. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake, bisibisi zake na kagari kake ka bei ya ng’ombe wa maziwa. Walikuwa wakiongea kuhusu matairi kwa sauti ambayo watu wengine hutumia kuongea kuhusu mgonjwa.

“Niaje, mathe,” Kigen akanisalimia. “Umekuja kushangilia mzee?”

“Nimekuja kushuhudia.”

Walikuwa wamesimika vijiti viwili viwili kwenye jiwe jeusi lililonizidi urefu. Gari lipite katikati ya vijiti, lipande mpaka juu, lishuke upande wa pili. Ukiligusa kwa mkono umetoka. Magari mawili ya hawa wenye ndevu yalibingirika kabla ya kufika nusu, na wenyewe wakaanza kulaumu jua.

Jamleck akaweka lake chini. Wakayacheka yale magunia.

“Mzee, hiyo lumbesa itakuangusha.”

“Nimebeba zaidi ya hiyo ukiwa chekechea,” akawajibu.

Akaanza. Nitasema nilichoona. Lori lilipanda kama mtu anayejua anakoenda. Gurudumu la mbele lilipapasa jiwe, likashika, la nyuma likafuata. Mahali palipokuwa na ufa, alirudisha nyuma kidogo, akageuza, akaingia kwa kona nyingine. Magunia yaliyumba, hayakuanguka. Kijiti hata kimoja hakikuguswa. Wale wenye ndevu waliacha viti vyao wakasogea, na mimi nikajikuta nimeshika hindi bila kulila. Dakika sita likasimama juu kabisa, USINIHARAKISHE inatuangalia.

“Kosgei aandae funguo,” Jamleck akasema, akanikonyezea. Mume wa mtu.

Ilibaki kushuka, tukazunguka jiwe tuone. Nikaacha kuangalia lori, nikaangalia kidole chake. Lilipoinamisha pua upande wa pili, Jamleck alitoa kidole kwenye rimoti na kuegemea nyuma, bega limelegea, kama dereva aliyekunja goti kitini na kuwasha redio.

Lori likaanza pole. Kisha halikuwa pole tena. Likachukua vijiti vya kwanza, likachukua vya pili, likapiga jiwe, likapinduka mara tatu, kokoto zikaruka kila upande, na likaishia kwenye kichaka cha leleshwa magurudumu juu, bado yanazunguka.

“Breki zimekataa!” Jamleck akapiga kelele.

Niliendelea kula hindi langu.

Kigen aliliokota, akaunganisha kikadi fulani kwenye ule waya wa mota, akasoma. “Mzee, breki haijakataa. Hii mota inafaa kushika yenyewe ukitoa kidole. Nilikupa ikishika mia kwa mia. Sasa iko sufuri. Nani aligusa?”

“Mimi. Inakula betri.”

“Haikuli betri.”

“Wewe kijana huelewi,” Jamleck akasema, kwa ile sauti yake ya kufundisha wajinga. “Kwa mteremko gari linajiendea lenyewe. Sasa unalishikia nini? Unaliachilia, unaokoa...”

Hapo maneno yakakatika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Jamleck alikuwa amejisikia akiongea.

Wenye ndevu hawakujua kwa nini ameishia katikati. Wariara alijua. Aliinama akaanza kuokota magunia moja moja.

Jamleck akachukua lori lake, kabini imebonyea mpaka kwenye viti, akaja akakaa kwenye jiwe karibu na mimi. Alijaribu kufunga mlango mdogo uliokuwa ukining’inia. Haukufungika.

“Nilitoa gia,” akasema.

“Lini?”

“Unajua lini.”

“Najua. Sema wewe.”

“Ile siku ya mahindi. Nilitoa pale juu, hapo wanapouza asali. Nilipotaka kurudisha ikakataa kuingia. Breki zako zilikuwa sawa.”

“Ungeokoa lita ngapi?”

Akafikiria. Kwa kweli alifikiria, kama mtu anayefanya mtihani. “Nne. Labda tano.”

“Lori zima, Jamleck. Kwa lita tano. Na mwaka mzima unaniita muuaji mbele ya chai za watu.”

“Nilisema mpaka nikaamini,” akasema. “Wallahi, Mama Becky, nilikuwa nimeamini.”

Mkikuyu wa kanisa la Presibiteri anaapa kwa wallahi. Hata hilo nililiacha lipite.

“Kosgei nitampigia jioni,” nikamwambia. “Nitamwambia umelilaza. Nitamwambia pia kwamba umesema mwenyewe bila kuvutwa na jeki. Atakachoamua ni chake. Langu hutalishika tena.”

“Najua.”

Wariara alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono imejaa magunia ya kokoto. Hakulia wala hakuniomba. Alimwambia tu mume wake, “Baba Sue, inuka, tuondoke kabla ya mvua.”

Nikatoa simu. Nikatafuta jina la Jamleck, nikaandika elfu mbili mia nne, nikaweka namba ya siri, nikatuma. Simu yake ikalia mfukoni. Akaitoa, akaishika mbali na macho kwa sababu miwani ya kusomea anaona ni ya wazee, akasoma ujumbe mpaka mwisho, midomo ikicheza.

Nilingoja asante. Mwaka mmoja wa matusi, nafikiri asante moja haikuwa nyingi.

“Haujaweka ya kutoa,” akasema.

Nikamwangalia. Hakuwa akitania. Nikafungua simu tena, nikamtumia shilingi ishirini na tisa za kutolea.