Mbwa Mwenye Ndevu za Kambale

Mpaka leo, nikisikia harufu ya pumba zikichemka pamoja na vichwa vya samaki, kitu kinanikaza kifuani. Si njaa. Ni wivu. Najua si jambo la kumwambia kila mtu, lakini nyinyi nawaamini, na tena wivu wenyewe ni wa darasa la nne, nami sasa niko kidato cha tatu.

Mwaka ule kuku wetu wa pale Mlabani walikuwa wanaibiwa mpaka mama akachoka. "Tafuteni mbwa," akasema, kama vile mbwa wanauzwa dukani. Aliposema "tafuteni" nikajua ni mimi, maana nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Na mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Nikitumwa chumvi nilisimama mlangoni mwa duka mpaka niulizwe nataka nini. Shuleni, wakati wa mapumziko, nilijifanya nafunga kamba za viatu ili nisionekane sina wa kukaa naye. Kwa hiyo mbwa yule nilimtaka kuliko kuku walivyomhitaji.

Nikaanza kuwachunguza mbwa wa mjini. Wa buchani walikuwa wanene na wana wenyewe. Wa stendi walinifukuza mimi. Wangu nikampata kwenye mashine ya kukobolea mpunga, amejikunja juu ya lundo la makapi yenye joto, mbavu nje, rangi ya vumbi, na ndevu ndefu zilizosimama huku na huku. Kila nikitoka shule nilimpelekea ukoko wa wali. Mwanzoni alikula nikishaondoka, baadaye nikimpa mgongo, mwisho akala mkononi mwangu. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama gunzi. Fundi wa mashine akanipigia kelele kuushinda mngurumo: "Mchukue, mwanangu! Ila akikung'ata, mimi hunijui!"

Nikampa jina la Jasiri. Mama alipomwona alicheka mpaka akatafuta kigoda. "Huyu ndiye wa kufukuza wezi? Huyu wezi watamwachia hela ya uji." Kisha akaacha kucheka, akaweka sharti. Bwana mifugo alikuwa anakuja shuleni kwetu kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. "Akikubali kushikwa akachanjwa, anabaki. Akishindikana, anarudi mashineni. Sitaki maneno na majirani."

Basi, kabla siku hiyo haijafika, akaja Zawadi.

Mto ulikuwa umefurika, maji yakaingia nyumbani kwa baba mdogo kule Mofu, wakamleta binti yao akae kwetu mpaka yakauke. Tulikuwa rika moja. Alikuja na mfuko mmoja wa plastiki. Nilikuwa nimemwachia upande wa ukutani kitandani, na kalamu zangu za rangi nimezipanga juu ya mto wake. Akasema "asante", akatoka nje kukaa na mbwa.

"Anaitwa Jasiri," nikamwambia.

"Na ndevu hizi? Wewe ni Kambale," akajibu, lakini alikuwa anamwambia mbwa. Mbwa akatikisa mkia. Mkia ule, jamani! Kwangu alikuwa hajawahi kuutikisa hata kidogo.

Tangu hapo nilikwisha. Nikiita Jasiri, anageuza sikio moja. Zawadi akiita Kambale, anakuja mbio huku miguu ya nyuma inaipita ya mbele. Ndiye aliyeanza kumchemshia pumba na vichwa vya samaki, kama wanavyofanya kwao, na ule ukoko wangu ukabaki chini unaliwa na sisimizi. Wakati chungu kinachemka alikaa naye bega kwa bega akimsimulia mambo kwa sauti ya chini. Nilisikia kwa vipande kutoka dirishani: maji, mtumbwi umejaa watu, mbwa wao kabaki juu ya kichuguu anawatazama. Nikitoka, ananyamaza. Nikirudi ndani, anaendelea. Nilifungua kitabu cha hesabu nikakitazama mpaka namba zikaungana.

Siku ya chanjo uwanja ulijaa watoto na mbwa waliofungwa kamba za katani na vipande vya kanga. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Sikumpa Zawadi hata ncha yake. Zamu yetu ilipofika, Jasiri aliiona sindano akajipinda, akanivuta mpaka nikaanguka kifudifudi.

"Umepigwa chini, Tumaini!" wavulana wakashangilia.

"Binti, kama hashikiki mwondoe, wenzako wanasubiri," akasema bwana mifugo.

Nikawaza mashine, na lile lundo la makapi. Wakati huohuo Zawadi akapiga magoti, akamfunika mbwa macho kwa pindo la sketi, akainama akamnong'oneza kitu sikioni. Jina, nadhani. Halikuwa Kambale. Mbwa akatulia kama mtoto aliyelala. Sindano ikaingia.

"Mwenye mbwa nani?" akauliza bwana mifugo.

Uwanja mzima ukamnyooshea Zawadi kidole. Nilitamani mto umrudishe kwao siku hiyohiyo.

"Ni wa huyu," akasema Zawadi, akanirudishia kamba. "Mimi ni mgeni tu."

Maji yalipokauka, baba mdogo akaja na pikipiki kumchukua. Zawadi alimkumbatia mbwa kwa muda mrefu. Mimi akanipa mkono.

Basi mbwa akawa wangu peke yangu. Nikaita Jasiri, asije. Mwishowe nikaita Kambale. Akaja taratibu, akakaa karibu nami kwenye uzio, tukaitazama barabara ile mpaka vumbi lote likatua.

Nilidhani Zawadi ndiye aliyeninyang'anya mbwa. Nimekuja kuelewa nikiwa nimeshakuwa mkubwa, siku moja nikimchemshia Kambale pumba zake, nikajikuta namweleza mambo ya shule ambayo sijamwambia mtu. Niliyemwonea wivu alikuwa yeye, mbwa. Yeye ndiye Zawadi aliyemsimulia, si mimi. Yule mbwa wao aliyebaki kwenye kichuguu, Kambale analijua jina lake, mimi silijui mpaka leo. Likizo hii nakwenda Mofu. Nitamwuliza Zawadi, aibu ikinikubalia.