Nani Alimpa Konokono Jina Lake

"Kwa nini baba yako alimwita Konokono?" Swali hilo niliulizwa mbele za watu, mwanangu, mimi mama yako mdogo mwenye majibu ya kila kitu, nikakosa la kusema. Nikilikumbuka, damu inanichemka hadi leo.

Ilikuwa siku ya theluji, mkahawani kwa Bi Zuhura, chini ya maghorofa ya Cedar-Riverside, mtaa wetu wahamiaji. Nilikuwa bado chuoni, na babu yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wazee walioendesha teksi pamoja naye walikuwa wakinywa chai ya tangawizi na kukumbushana timu yetu ya besiboli ya zamani: nani alirusha mpira hadi bega likamwachia, msimu gani ubingwa ulituponyoka. Tiketi hawakuwa nazo. Waliifuata timu redioni wakingoja abiria wa ndege, na babu yako, aliyewashinda kwa Kiingereza, ndiye aliyewatangazia upya kwa Kiswahili, kila mchezaji na jina alilompachika: Nyundo, Bwana Harusi, Konokono.

Basi nikamsikia Mzee Bakari akiwaambia vijana, "Konokono nilimpa jina mimi. Alikuwa mzito wa mbio, yule!"

Nikasimama. "Mwongo! Jina hilo ni la baba yangu."

"Ebo! Wakati huo wewe wafungwa nepi, leo wanifundisha besiboli?"

Meza nzima ikacheka. Niliwatazama mmoja mmoja. Wote walijua, na wote wakaangalia vikombe vyao. Hasira hiyo sijaimaliza. Mtu anawafurahisha wenzake miaka na miaka, kisha akishazikwa hawamwachii hata neno moja! Wanasema jungu kuu halikosi ukoko. Sawa, lakini ukoko huo aliupika nani?

Bi Zuhura akaja na birika. Nilidhani atanitetea, kumbe ndiye aliyeniuliza swali lile, kwa nini baba alimwita Konokono. Nilipolishika koti langu, akasema, "Basi kaa, binti yangu. Bakari ni mwongo, hata mimi najua. Lakini wewe uliishi na baba yako nyumba moja. Hukumuuliza?"

Sikukaa. Nilitoka na koti mkononi, nimewakasirikia wote, yeye zaidi, kwa kuwa alisema kweli. Babu yako alipozungumza besiboli, mimi nilikuwa na muziki wangu masikioni.

Mwanangu, mkubwa akidanganya, mwambie amedanganya. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sharti awepo wa kuifunga. Ila usimgombee mtu usiyemjua. Mama yako akianza habari anayoipenda, hata ukiiona upuuzi, muulize kwa nini, na umngoje amalize. Mungu akupe ulimi usioogopa, na sikio linaloutangulia.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, kwa bibi yako, tukikunja nguo. Mchezaji yule alikuwa mwepesi kuliko wenzake wote. Lakini baridi ya Aprili ilipomkuta na gongo la kupigia mpira mkononi, alikizamisha kichwa mabegani, na babu yako akimwona kwenye televisheni ya nyumbani alicheka hadi machozi. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyejikunja hivyo hivyo kila alipotolewa nje, wakati bado anafungwa nepi. Konokono wa kwanza nilikuwa mimi.