Ukuta wa Mama Mistari

Wageni wa mji walipotaka kuonyeshwa shida, waliletwa kwa Mama Mistari.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Mtaa ulimpa kwa sababu ya ukuta wa sebuleni kwake, ule unaotazamana na mlango. Nyumba yake ni kati ya zile za mwisho kabisa chini ya mteremko, na mvua kubwa ikipiga huko juu, maji yote ya mtaa yanashuka kuja kumsalimia. Yakishatoka yanaacha alama ya tope ukutani. Tope likikauka linapukutika, kwa hiyo yeye huchukua kipande cha mkaa akapitisha mstari pale pale maji yalipoishia, na pembeni akaandika mwaka. Mistari ilikuwa saba. Wa chini ulifika gotini. Wa juu ulifika kifuani, na huo ni wa mwaka ule aliopanda juu ya meza ya cherehani na mapacha wa jirani, mmoja huku mmoja huku, akakaa nao hapo mpaka maji yalipochoka yenyewe.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mumewe alikuwa ameshatangulia. Mwanawe wa pekee alifanya kazi mji mwingine, safari ya siku nzima, na ulikuwa unaingia mwaka wa tisa hajakanyaga pale. Si kwamba alimtupa mama yake. Simu alipiga na matumizi alituma. Ila simu haina mtu wa kumvutia kiti.

Aliyekuwa anawaleta wageni ni kijana wa ofisi ya miradi ya mji. Mtaa ulimwita Faili, maana hakuna aliyewahi kuona kwapa lake likiwa tupu. Kazi yake ilikuwa kuandika maombi kwa wafadhili wa nje, ili wasaidie kujenga mfereji mkubwa kutoka juu ya mteremko mpaka mtoni. Ombi lilishakwenda mara nne. Mara ya kwanza lilifika siku moja baada ya mlango kufungwa. Mara ya pili lilikosa sahihi ya meya, kwa kuwa meya alikuwa safarini kutafuta wafadhili. Mara ya tatu madiwani walikuwa hawajapitisha fungu la mji wenyewe, na mkono mtupu haulambwi. Mara ya nne hawakupewa sababu, walitakiwa tu kila la heri.

Na kila mara, kabla ya jibu, gari lilikuja. Siku hiyo Mama Mistari aliamka akafuta viti, akachemsha chai, akavaa kitenge cha kutokea. Wageni waliingia wakiinamisha vichwa, wakapiga picha ukuta, wakampiga picha yeye na ukuta, wakaitazama chai kama mtu anayechungulia kisima. Robo saa, wameondoka. Viti aliviacha vilivyo mpaka kesho yake. Alipenda kuviona vimegeukiana hivyo, kama vinaongea.

"Mama, safari hii imeiva," Faili alimwambia Jumatatu moja. "Alhamisi anakuja mkaguzi mwenyewe. Siyo hawa wa kupiga picha. Picha zetu anazo, anataka aone kwa macho yake."

"Hata ya mwaka jana uliniambia imeiva."

"Ya mwaka jana ilikuwa inachemka tu. Ninakuomba kitu kimoja: ukuta usiguswe. Hata utando wa buibui uache."

"Kumbe na buibui wameingia kwenye bajeti?"

"Wamo, mama. Wako chini ya mengineyo."

Jioni ile ile mwanawe akapiga simu. Jumamosi anakuja, yeye na mkewe na watoto wawili, na mama mkwe wake pia. Mama Mistari alikuwa amesimama. Akakaa.

"Ila mama, ule ukuta," mwanawe alisema. "Kuna mtu hapa kazini kanionyesha kijitabu cha maombi cha mji wenu. Picha ya mbele ni wewe, na matope yako nyuma. Akaniuliza, huyu mama mbona mnafanana? Nikamwambia simjui."

Mama alihamisha simu sikio la pili.

"Siwezi kumleta mama mkwe akae anatazama matope. Nimeshamlipa fundi rangi nusu, Jumatano atakuja. Nyumba ikiwa safi, Jumamosi tuko hapo."

"Na isipokuwa safi?"

"Mama, tusifike huko."

Jumatatu hadi Jumatano alishona sare na hakujua ameshona nini, akaja kugundua baadaye kuwa suruali moja aliitia mifuko mitatu upande mmoja. Akiupaka ukuta, Alhamisi mkaguzi ataona nini? Asipoupaka, Jumamosi nani atakuja? Mfereji ulikuwa wa mtaa mzima. Mwana alikuwa wake peke yake.

Fundi rangi alifika na ndoo mbili na mdomo usiopumzika. Alipoombwa arudi Ijumaa akacheka. Ijumaa alikuwa anaanza kazi ya shule nzima, wiki mbili hatoki huko.

"Basi paka kuta tatu," Mama Mistari alisema. "Huu uache."

"Mama! Hiyo si itakuwa kama mtu aliyenyoa ndevu upande mmoja?"

"Nyoa hivyo hivyo."

"Mwenye pesa ni mwanao lakini."

"Na mwenye ukuta ni mimi. Paka, fundi, chai inapoa."

Alikuwa ameshapiga hesabu yake ya kishonaji. Vipande vya kitambaa cha sare vilivyobaki vilitosha pazia refu, kutoka dari mpaka sakafuni. Alhamisi ukuta uonekane, Jumamosi ufunikwe. Kila mgeni atakuta anachokitaka. Fundi alipaka, akapiga picha kazi yake kwa simu, akaaga.

Alipobaki peke yake akaona jambo. Kuta tatu zilivyong'aa, mistari ya ukuta wa nne ilionekana imefifia, kama maandishi ya mzee. Mkaguzi ataionaje? Kwa nia njema kabisa akachukua mkaa, akaipitia upya, mmoja mmoja, yote saba.

Alhamisi mkaguzi akaingia. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya kamba, daftari mkononi. Alisimama katikati ya sebule akavuta pumzi, na nyumba nzima ilinuka rangi.

"Mmepaka lini?"

"Jana," Mama Mistari alijibu.

"Kuta tatu. Huu mmoja ukaachwa."

Faili, aliyekuja naye, akahamisha faili kwapa la pili. Mkaguzi aligusa mstari wa juu kwa kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa cheusi.

"Nani amechora hii?"

"Mimi."

Faili akafumba macho.

"Ili iweje, mama?"

"Ili isipotee."

Mkaguzi aliandika kitu kifupi. Hakukaa wala hakuitazama chai. Gari lilipowaka, Mama Mistari alikuwa bado ameshika sahani yenye kikombe, akajua kwamba kuna kitu amekiharibu, na kwamba amekiharibu kwa kukitengeneza.

Jumamosi alipika chakula cha watu sita. Pazia lilikuwa limening'inia, limenyooka, mshono hauonekani. Simu ililia saa tano.

"Fundi alinitumia picha," mwanawe alisema. "Siku hizi fundi halipwi yote mpaka atume picha."

"Nimeshona pazia, mwanangu. Mistari haionekani hata kidogo. Ungekuwa hapa ungeona."

"Nilikuomba jambo moja, mama."

"Ni kwa ajili ya mfereji. Ni mtaa mzima huu."

"Sawa. Basi mtaa ukutembelee." Kisha sauti ikalainika kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Labda mwezi ujao."

"Mwezi ujao ni mvua."

"Basi baada ya mvua."

Alirudisha sahani kabatini, akabakiza moja. Halafu akaitoa tena ya pili, kwa sababu hodi ilipigwa. Alikuwa Faili, hata Jumamosi na faili lake.

"Hajatukataa, mama," alisema kabla hajaketi. "Ila amesema mkaa mbichi hauandikwi kwenye ripoti. Na amesema nyumba moja si mtaa. Ametupa mpaka Jumanne. Anataka nyumba zote kumi na moja za huku chini zieleze maji yalifika wapi, na kila mwenye nyumba atie sahihi."

"Kula kwanza."

Faili alikula sahani mbili. Alitazama sufuria lilivyojaa, akataka kuuliza, akaacha.

"Mimi nikipita wataona nimetumwa na ofisi," alisema akinawa. "Wewe ni mwenzao. Wewe wanakujua."

Hakujua kwamba kwa miaka mitatu hakuna jirani aliyeketi kwenye viti vile. Mtaa uliamini kila gari huacha bahasha. Salamu zilibaki, zile za kupita, ambazo hujibiwa mtu ameshafika mbele.

Jumapili asubuhi akatoka na karatasi. Nyumba ya kwanza walitia sahihi bila kumtazama. Ya pili wakamuuliza safari hii mgao ni nusu kwa nusu au vipi. Ya tano mzee mmoja alisoma karatasi yote, mbele na nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu. Alipata sahihi tisa, zote akiwa amesimama nje. Yake ilikuwa ya kumi. Ikabaki moja, ya Mama Pacha, ukuta kwa ukuta na yeye. Aliiacha ya mwisho kusudi, kama mtu anayeacha mfupa.

"Hodi."

"Nani?"

"Jirani."

"Jirani yupi? Yule mwenye wageni?"

Mama Pacha alitokea mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Mama Mistari akaeleza habari ya karatasi, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hiyo leo shida ni ya wote," Mama Pacha alisema.

"Imekuwa ya wote siku zote."

"Hapana, jirani. Siku za magari ilikuwa yako. Mara nne nimesimama dirishani nimevaa gauni zuri, nasema sasa atawaambia, twendeni na kwa mwenzangu. Mara nne gari linawaka, linaondoka. Hii ya juzi sikusimama hata dirishani."

"Hawaachi bahasha, Mama Pacha. Nakuapia."

"Najua hawaachi! Ungekuwa unapewa si ungeshahama hapa? Bahasha ni maneno ya mtaa. Mimi langu ni hilo la kutoniita. Ulibeba wanangu juu ya meza, halafu ukashindwa kuniita kwa wageni?"

Mama Mistari alitazama karatasi. Alikuwa na majibu mawili matatu mazuri, ya wageni kuwa na haraka, ya Faili kutosema. Akayaacha yote.

"Nilitaka wakae kwangu," akasema. "Kwako wangekuta watoto, wangekuta kelele, wangekaa. Wangenisahau. Mimi hawa wakitoka, basi wametoka."

Povu lilikuwa linadondoka kizingitini. Mama Pacha akajifuta mikono kwenye kanga, akageuka ndani, na kwa kuwa hakufunga mlango, Mama Mistari aliona anachofanya. Aliinua kalenda kubwa ukutani. Nyuma yake palikuwa na alama ya tope, kahawia, kalenda imeizuia isipukutike, haijaguswa na mkaa, na kwa kuwa sakafu ya pale ilikuwa chini zaidi, ilipanda juu kuliko mstari wowote wa kwake.

"Wewe uliandika," Mama Pacha alisema. "Sisi tulifunika. Nenda nyumba zote hizo, inua makalenda uone."

Kisha akatia sahihi, akairudisha kalamu. "Mwambie huyo kijana aje na kamera. Na aje kwangu kwanza."

Jumatatu Faili alikuja na kamera na futi ya kupimia. Alipopita mlangoni kwa Mama Mistari alipunga mkono tu.

"Yako tunayo, mama! Wewe leo pumzika."

Akaketi kwenye cherehani. Alisikia wakigonga kwa Mama Pacha, wakisogeza kabati, mapacha wakigombania kushika ncha ya futi. Akasikia vikombe. Mtu alisema jambo wakacheka wote, na Faili alicheka kama mtoto wa nyumba ile. Mama Mistari alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie, uzi ukakatika, akasikia vizuri zaidi. Majibu ya wafadhili huchukua miezi, na labda ya safari hii yangekuwa mazuri. Hakuyawazia. Aliwazia kuwa gari likija tena, lina nyumba kumi na moja za kusimama.

Ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili.

"Jirani! Mbona kimya? Huyu kijana anauliza ni mwaka gani maji yalipita dirishani, sisi tumeshagombana hapa, kila mtu na mwaka wake. Njoo utuambie!"

"Nakuja!" akaitikia, haraka kuliko alivyopenda.

Akasimama, akaanza kutafuta kandambili. Aliangalia chini ya cherehani, akaangalia chini ya viti, akaenda mpaka jikoni na kurudi. Zilikuwa miguuni mwake.