Alama Niliyoifagia

Jumamosi iliyopita nilitoka zamu pale hospitalini Woluwe, hapa Brussels, miguu imenivimba kama kawaida yake, na badala ya kuteremka kwenye metro nikaona afadhali nitembee kidogo. Sikuwa na haraka. Nyuma ya safu ya nyumba za ghorofa nikakuta mashine zinachimba mahali palipokuwa na ile klabu ndogo ya tenisi ya utoto wangu. Walikuwa wamefukua lundo la udongo mwekundu na kulirundika karibu na uzio, na mvua ya usiku ilikuwa imeulowesha hadi unanukia. Nilisimama pale muda mrefu, mpaka fundi mmoja akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, napita tu.

Wewe msomaji ningekujibu tofauti. Ningekwambia kwamba katika miaka ya tisini, kila Jumatano mchana, shule zikifungwa saa sita, mimi na mama tulipanda basi kutoka Etterbeek kuja mahali hapa. Mama alisafisha vyumba vya kubadilishia nguo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuwa na wa kukaa naye nyumbani, kwa hiyo nilikabidhiwa kwa mzee wa uwanja. Huyu alikuwa Mbelgiji aliyeupitisha ujana wake kwenye mashamba ya chai huko Kivu, akarudi kwao na Kiswahili cha zamani ambacho hakukitoa kichwani tena. Alikutana na mama kanisani, akamsikia akinigombeza kwa Kiswahili, akamfuata mpaka mlangoni. Wiki iliyofuata mama alikuwa na kazi.

Mzee hakunikalisha bure. Alinifundisha kukokota jamvi la wavu juu ya uwanja, unaanzia nje unazunguka ukiingia ndani, mpaka nyayo zote zinafutika na udongo unalala sawasawa. Lakini kabla ya jamvi kulikuwa na mistari. Mistari ya uwanja ule ilikuwa mikanda myeupe iliyopigiliwa chini, na udongo uliifunika kila mechi, hivyo ulikuwepo ufagio maalumu wa kuisafisha, mrefu, wenye nywele ngumu. Mechi ikiisha tu, wachezaji wengine wanasubiri, ufagio uwe umeshashuka. "Mistari kwanza, mutoto," aliniambia kila siku. "Udongo nyuma."

Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Nyumbani mama alinilea kwa desturi ya kwao Bukavu, kwamba uwanja wa mtu aliyejiheshimu haukutwi na nyayo za jana, na hapa mjini, ambako hatukuwa na uwanja, alinifagisha ngazi za jengo zima, hata za majirani wasiotusalimia. Kwa hiyo nilipopewa ufagio wenye mistari yake mwenyewe nilijiona nimepandishwa cheo. Nilikuwa mwepesi, tena mwenye majivuno. Mzee aliwaambia watu kwamba hajapata kuona mtoto anayefagia haraka namna ile, na mimi nikazidi kuharakisha.

Sasa nikueleze habari za tantine, yaani shangazi, ndivyo nilivyomwita. Tulikuwa na chumba kimoja kidogo kisichokuwa na mtu, na klabu ilikuwa ikitafuta familia za kuwapokea wachezaji wa kigeni waliokuja kwa mashindano ya majira ya kuchipua. Mama akajitolea. Aliyekuja alikuwa Mkanada, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, na mkoba mkubwa kuliko mimi. Alizungumza Kifaransa, lakini cha kwao Kebeki, na siku ya kwanza mama na mimi tulicheka jikoni mpaka tukashikilia meza. Alikuja mwaka ule, akaja na mwaka uliofuata, na mara ya tatu hakuomba ruhusa tena, aliweka mkoba chini akauliza kuna nini sufuriani.

Nilimstaajabia mno, tena bila kificho. Nilimfuata chumbani, nikakaa sakafuni nikimtazama akizungushia utepe mpini wa raketi, na yeye akinihadithia bila kuinua macho. Alianza kucheza akiwa na miaka sita, mji wake una theluji nusu ya mwaka, baba yake akimpigia mipira ndani ya ghala. Akiwa na miaka kumi na sita aliaga nyumbani. Tangu hapo amezunguka dunia kwa treni na mabasi, akilala kwa watu kama sisi, akicheza kwenye viwanja ambavyo watazamaji wake ni mbwa na mwenye mbwa. Mara moja tu aliingia kwenye mashindano makubwa kule Paris, akacheza na mmoja wa wale wanaotokea kwenye televisheni, akashindwa hata saa haijaisha. Taulo ya siku hiyo alikuwa nayo bado. Mimi nikioga aliniruhusu kujifutia, na sikumwambia mtu yeyote shuleni kwa sababu nani angeniamini.

Soksi zake zilitoka klabu zimekuwa nyekundu, na mama alipoziloweka, maji ya beseni yaligeuka rangi ya chai. Bega lake la kulia lilikuwa limepasuliwa mara mbili. Kila jioni aliliwekea barafu, na kwa kuwa hatukuwa na barafu ya kutosha alichukua pakiti ya sombe, kisamvu kilichogandishwa, kwenye friji, ile mama aliyoinunua kwenye maduka ya Wakongo ya Matonge, karibu na Chaussée d'Ixelles, akajiwekea begani. Mama aliguna mwanzoni. Halafu akawa ananunua pakiti mbili, moja ya kula na moja ya bega.

Mwaka ule wa tatu alituambia mezani, tukiwa na fufu na sambaza, visamaki vya ziwa Kivu, mbele yetu, kwamba amefikia mwisho au karibu na mwisho. Jina lake lilikuwa limeshuka sana kwenye orodha ya wachezaji. Ilimpasa kushinda mechi tatu za mchujo hapa Brussels ili aingie kwenye mashindano yenyewe, na akiingia atakuwa na mwaka mmoja zaidi wa kucheza. Akishindwa anarudi kwao kufundisha watoto. Alisema bila kulia, akiendelea kumega fufu kwa vidole vitatu kama tulivyomfundisha. Mama aliacha kula, akamwambia, "Utashinda, mutoto yangu," na usiku ule nilisikia anasali kwa ajili yake kabla ya kutusalia sisi.

Alishinda ya kwanza. Akashinda ya pili, na mimi nilikuwa pale, Jumapili, mama ameniruhusu kukosa misa, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halikutokea tena. Siwezi kukueleza vizuri nilichokiona. Mtu huyu aliyeamka asubuhi hawezi kuinua kikombe kwa mkono wa kulia, uwanjani alikuwa mwingine. Alikimbilia mipira ambayo mtu mwenye akili timamu angeiacha ipite, na alipoteleza kwenye udongo ule ilisikika sauti ndefu ya kiatu, halafu mpira ulikuwa umesharudi. Mdomo wangu ulikuwa wazi tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee wa uwanja alivua kofia yake akaishika mkononi, naye hakuwa mtu wa kuvua kofia.

Ya tatu ilikuwa Jumatatu ya sikukuu, shule zimefungwa. Mpinzani alikuwa msichana mwenye nguvu, karibu nusu ya umri wake. Waligawana seti mbili za kwanza, na katika ya tatu yule msichana akatangulia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa upande wake, ufagio mkononi, kwa sababu wachezaji wa mechi iliyofuata walikuwa wameshafika langoni. Tantine alikuwa upande wa mbali. Akipoteza pointi moja tu mechi imekwisha, na alikuwa ameshaokoa mbili za namna hiyo.

Walipigiana mpira muda mrefu, siwezi kuhesabu mara ngapi. Halafu tantine akaupiga mmoja kwa nguvu zote za lile bega, ukaja moja kwa moja mpaka kona, mbele ya miguu yangu, yule msichana akaukosa kabisa. Mwamuzi kwenye kiti chake kirefu akapaza sauti: umetoka. Watu wakapiga makofi. Mechi imekwisha.

Na mimi nikafagia.

Nakuomba unielewe, sikuwaza. Mechi ikiisha, mistari kwanza. Nilisukuma ufagio mara mbili, mkanda ukang'aa, na nilipoinua kichwa nikamwona tantine upande wa pili amenyoosha mkono juu. Alikuwa anaomba alama ikaangaliwe. Kwenye udongo ule mpira ukigusa chini unaacha alama, kiduara kirefu kidogo, na mchezaji akibisha, mwamuzi hushuka akaenda kuisoma. Kama imegusa mstari hata kidogo, mpira ni mzuri. Mwamuzi akashuka. Akafika, akainama, akakuta udongo laini na mstari mweupe. Alinitazama, akautazama ufagio. Kisha akamwambia tantine kwamba hakuna cha kusoma na uamuzi unabaki.

Niliiona alama ile kabla sijaifuta. Nilikuwa karibu kuliko wote. Nikasimama pale na ufagio wangu, nikanyamaza.

Tantine alikuja kwenye wavu, akampa yule msichana mkono, akampa mwamuzi mkono, akakusanya raketi zake moja moja. Mimi nilikimbilia kibanda cha vifaa nikajifungia pamoja na majamvi. Mama ndiye aliyenikuta, ndoo mkononi, na nikamwambia yote nikiwa nimeuficha uso tumboni mwake. Aliweka ndoo chini. Nilijua anachokifikiria, kwa sababu nilikifikiria na mimi: meneja wa klabu akiuliza ni mtoto wa nani aliyeharibu mechi, jibu ni rahisi, ni wa yule anayesafisha. Hatimaye akanishika kidevu.

"Uliona ile alama?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Bon. Akikuuliza, utamwambia vile uliona. Hata kama atakasirika. Usimudanganye ule mutoto wa watu, alitoka mbali sana."

Tukaenda kwenye vyumba. Tantine alikuwa amekaa kwenye benchi, taulo shingoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Njiani nilikuwa nimeshatunga jibu langu. Ningemwambia mpira ulitoka. Ungekuwa umetoka, ufagio wangu usingekuwa na kosa lolote, mama angebaki na kazi yake, na yeye angepumzika kwa kujua hakuonewa. Lilikuwa jibu zuri kwa kila mtu. Nilipofika mbele yake hakuwa na hasira. Aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa na mtu mzima, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa najua kitu na yeye ndiye mwanafunzi. Akauliza polepole, kwa Kifaransa chake, kama niliuona ulipodondokea.

"Uligusa mstari, tantine," nikasema. "Nusu yake ilikuwa juu ya mstari."

Alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yalianza kutikisika, nikajua nimemuua. Alipoondoa mikono, machozi yalikuwepo kweli, lakini alikuwa akicheka, na sikujua kwamba mtu anaweza kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja.

"Nilijua," akasema. "Niliusikia mkononi. Kumbe wa mwisho ulikuwa mzuri."

Akanivuta akanikumbatia, jasho na dawa yake ya kuchulia na yote, huku mama amesimama mlangoni akijifanya anakamua dekio. Mama akamwuliza kama twende kwa mwamuzi tukaseme. Akakataa. Mechi imeshatiwa saini, akasema, na mtoto huyu msimpeleke mbele ya mtu. Meneja alipokuja baadaye na maswali yake, tantine alimjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechelewa kunyoosha mkono. Hakugeuka hata kunitazama alipokuwa akisema. Mtu aliyepoteza kazi ya maisha yake dakika ishirini zilizopita alikuwa anailinda kazi ya mama yangu, na mimi nikamtazama nikaona kwamba nilivyomstaajabia uwanjani haikuwa kitu.

Aliondoka wiki ile ile. Zilikuja kadi kadhaa zenye picha za theluji, akisema anafundisha watoto ndani ya ghala, kisha tukahama nyumba na kadi zikakoma. Mzee wa uwanja alizikwa zamani, na Kiswahili chake kile kimekwenda naye. Mama bado yuko Etterbeek, lakini siku hizi ananiuliza mimi ni nani, na nikimtajia habari za tantine anatabasamu kwa adabu, kama anavyowatabasamia wageni. Klabu nimekwambia nilivyoikuta.

Sijui kama kuna mahali wanapohifadhi matokeo ya mechi ndogo kama zile. Kama papo, imeandikwa kwamba alishindwa katika seti ya tatu, na mpira wake wa mwisho ulitoka. Haukutoka. Aliyeuona ni mimi peke yangu.