Nilivyokuwa macho ya kocha wa besiboli Stockholm, miaka ya 80

Wakuu, amani kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimepita kwenye uzi mmoja vijana wanalalamikia maboss wao, nikamkumbuka mtu ambaye sijawahi kumshukuru mbele za watu. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Nilipokosea nitasema nilikosea, na nisipokumbuka vizuri nitasema pia.

Ni katikati ya miaka ya themanini. Nilitoka Moshi kwenda kusoma Sweden, masomo yakanishinda mwaka wa pili, nikaangukia kwenye ghala moja Jordbro, kazi ya kupanga maboksi. Chumba nilipanga Tensta kwa mama mmoja Mganda, Mama Nakato, aliyekimbia vita kwao.

Sasa Tensta na Jordbro ni pande mbili tofauti kabisa za jiji. Asubuhi unavuka mji mzima, jioni unavuka tena. Rafiki sina. Kiswidi changu ni cha kuombea maji.

Kule kwenye maghorofa watu wanafulia nguo chumba cha pamoja, kwa zamu. Siku ya zamu yangu nikakuta karatasi mlangoni, kwa Kiswidi na Kiingereza: timu ya besiboli inatafuta wachezaji, hata asiyejua aje.

Nilikuwa nimecheza kriketi kidogo shuleni na wenzangu wa Kihindi. Nikasema si ni gongo na mpira tu? Aisee.

Aliyeibandika alikuwa mtunza majengo yetu, Mmarekani wa miaka sitini hivi. Tumwite Walter. Huyu kwao alikuwa meneja wa besiboli, na kwenye mchezo ule meneja ndiye sisi tungemwita kocha mkuu.

Lakini msifikirie zile timu za kwenye TV. Yeye alifanya kazi kwenye ligi huru za miji midogo, zisizo chini ya klabu kubwa yoyote. Hakuna anayekuletea wachezaji. Unaokota walioachwa na wengine. Walter alikuwa anaendesha basi la timu mwenyewe, anafua jezi, mvua ikinyesha anasukuma maji uwanjani. Karibu miaka ishirini hivyo, na hakuwahi kupanda hata ngazi moja. Mara ya mwisho kufukuzwa aliambiwa kwa simu, yuko mezani anakula.

Akaoa nesi Mswidi, Birgitta, akamfuata hadi Sundbyberg, si mbali na Tensta. Akawa fundi wa mabomba na balbu Tensta. Ila besiboli haikumtoka.

Timu yetu ilikuwa ya watu mchanganyiko. Madereva, wapishi, wanafunzi, Mchile mmoja fundi viatu. Tulicheza kwenye kaligi ketu kadogo, mashabiki wetu ni wake za wachezaji na mbwa wao. Mama Nakato aliniuliza kama kweli nimevuka bahari kuja kupiga mpira kwa mti. Halafu akanifungia chapati za kwenda nazo.

Kucheza, wakuu, sikuwa mzuri. Mpira ulinipita kama vile tuna ugomvi. Nikawa nasubiri tu siku ya kuambiwa nisirudi.

Siku hiyo ikaja, au nilidhani imekuja. Baada ya mazoezi Walter aliniomba tutembee wote hadi kituo cha basi. Pale basi likaja, akaniuliza kwa sauti ya chini ni namba ngapi. Namba yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango.

Nikamtazama. Akaniambia yote. Macho yake yalikuwa yanakufa katikati. Pembeni anaona, ila kile anachokitazama ndicho kinachopotea. Daktari alishamwambia hakuna dawa. Mkewe anajua, wengine hapana, na kamati ya klabu ikijua atakuwa amekwisha.

Akaomba nikae pembeni yake kwenye benchi, nimwambie kinachotokea uwanjani.

Nilikubali. Kiukweli nilifurahi, maana nilikuwa nimepata mahali pa kukaa.

Hapo ndipo shule ilipoanza. Nikimwambia mrushaji wetu, yule anayemtupia mpigaji mpira, katupa vizuri, anauliza: mguu wa mbele umetua wapi? Alimtazama nani kabla ya kurusha? Anapumua kwa mdomo au kwa pua? Mechi za mwanzo nilikuwa sijui lolote. Baada ya miezi kadhaa nikawa naona vitu ambavyo nisingeviona hata ungenilipa. Na ghalani pia nikaanza kuona nani kachoka, nani ataangusha mzigo.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mrushaji wetu bora alikuwa Jari, Mfini, dereva wa basi la abiria. Mpole, maneno machache. Mwisho wa kiangazi tulicheza na timu ambayo hatukuwahi kuifunga. Tukawa tunaongoza.

Kuelekea mwisho nikaona mkono wa Jari unashuka. Kila akirusha, kiwiko kinakuja chini zaidi. Mara mbili aliligusa bega lake akidhani hakuna anayemtazama.

Walter akaniuliza, "Jari yuko vipi?"

Nikasema, "Yuko sawa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilitaka ushindi, hiyo moja. Pia niliogopa wenzangu waseme huyu Mwafrika asiyejua hata kudaka ndiye kamtoa Jari tukafungwa. Maneno mawili tu, nikayasema bila hata kumeza mate.

Mpira uliofuata ulianguka hatua chache mbele yake. Jari akapiga goti ameshika bega, sauti iliyomtoka hata Walter hakuhitaji mtu wa kumwelezea.

Wakati wanamtoa, Walter akainamia kwangu. "Uliliona?"

Nikasema ndiyo.

Akanigeuzia mgongo. Afadhali angenitukana.

Mechi tulishinda. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyeshangilia, kila mtu anamwangalia Jari na barafu yake begani. Dereva wa basi bila bega ni nini? Walter akasimama katikati, kwa Kiswidi chake kibovu kama changu, akawaambia haoni. Akasema amewaficha tangu theluji ilipoyeyuka, na kilichompata Jari ni kosa lake peke yake. Jina langu hakulitaja.

Wakuu, ningeweza kukaa kimya. Kosa langu lilikuwa limeshafunikwa, na mzee yule alikuwa anaitoa nafasi pekee aliyobaki nayo.

Nikasimama. Nikasema mimi niliona, kocha aliniuliza, nikamdanganya.

Jari akaishusha barafu begani, akasema:

"Nina kocha asiyeona na msaidizi asiyesema. Mmoja wenu itabidi abadilike, na Walter hawezi."

Mtu akacheka, halafu wote. Jari mwenyewe hakucheka, lakini alinisogezea nafasi kwenye benchi nikakaa.

Alikaa wiki kadhaa bila kuendesha. Nilikuwa nampelekea chakula cha Mama Nakato, tunakula bila kuongea. Akapona, akarudi kazini, ila kurusha hakurusha tena kama zamani. Hilo bado ninalo.

Kamati ilimwacha Walter, kwa sharti kwamba mimi niandikwe rasmi kuwa msaidizi. Misimu miwili tukafanya hivyo. Nikiona kitu nasema, hata kama hakipendi. Alikuwa ananikasirikia vizuri tu, halafu anafuata nilichosema.

Kisha akaniachia timu. Mtoto wa Moshi, meneja wa besiboli Stockholm! Mechi yangu ya kwanza tulifungwa vibaya mno. Kwenye treni ya kurudi nilikaa naye nikiwa najiandaa kujiuzulu.

Karibu na kituo chake cha Sundbyberg akanishika mkono. Akasema alikuwa anaogopa kwamba akiacha timu hataujua mchezo tena. "Leo nilikaa nyuma nikakusikia unavyoongea nao. Nimeuona wote."

Akashuka. Birgitta alikuwa anamsubiri. Nikakaa pale kwenye kiti nikilia, mbele ya Waswidi wanaosoma magazeti yao.

Niliongoza timu ile miaka kadhaa, na ghalani nikawa msimamizi. Yote niliyajifunza kwenye benchi lile. Walter alishatangulia. Asante, kocha.

Nilichobaki nacho ni hiki: bosi wako akikuuliza hali ikoje, mwambie ilivyo. Wapo wanaouliza kwa sababu kweli hawaoni.

Wenye maboss wa aina hii, au mliowahi kusema "yuko sawa" na haikuwa sawa, karibuni. Hata wa kunisema, nitasoma.