Vizibo vya Honi

Ukoo wa Honi haukujaliwa mali wala vyeo, lakini ulijulikana mtaa mzima kwa midomo iliyofungwa. Marehemu mama yake aliwalea wanawe kwa sharti moja: mtu wa heshima hakai mdomo wazi. Akishangaa, ashangae kwa macho. Akicheka, acheke kwa mabega. Honi, mwanawe wa pili, alipoanza kupuliza tarumbeta kwenye bendi ya hoteli, mama alikubali kwa shingo upande, tena baada ya kuhakikishiwa kwamba mpulizaji hodari hubana midomo kuliko mtu yeyote.

Mvi zilipoingia kidevuni, masikio nayo yakaanza visa. Kila akitoka kazini, Honi alirudi na mlio mwembamba kichwani, kama birika lililosahauliwa jikoni. Zamani mlio ule ulikuwa unaisha akilala. Sasa ulikuwa unaamka naye, unakunywa naye chai. Mkewe akimuuliza jambo, anajibiwa swali la jana.

Daktari hakumung'unya maneno. "Kilichopotea hakirudi, mzee. Kilichobaki tukilinde. Ama uvae vizibo vya masikio, ama uache tarumbeta."

Kuacha tarumbeta! Angeambiwa aache kula, angeomba muda afikirie. Hili hata kulifikiria alikataa. Alikuwa ameshajaribu pamba, akaona bendi nzima inapigia ndani ya godoro. Basi akaenda kwa mtaalamu wa masikio, binti mchangamfu wa umri wa kitinda mimba wake.

"Hivi tunavitengeneza kwa umbo la sikio lako mwenyewe," binti alimweleza. "Vina kichujio kidogo, kinapunguza kelele ila muziki unabaki muziki. Sasa nakujaza rojo hili masikioni, likiganda tunapata umbo. Lakini wewe unapuliza, na taya likisogea, tundu la sikio nalo linageuka. Kwa hiyo ng'ata kipande hiki cha sifongo. Mdomo uwe wazi mpaka nikwambie."

Honi aling'ata. Ukutani kulikuwa na kioo, na ndani ya kioo alikuwemo mzee mmoja kaachama, macho yamemtoka, kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Akamkumbuka mama yake. Binti alipogeuka kwenda kunawa mikono, Honi alichomoa sifongo, akaifumbata kiganjani, akafunga mdomo kwa heshima zote. Masikio yakiwa yamejaa rojo, hakuweza kusikia nyayo, hivyo alimvizia binti kwenye kioo. Alipomwona anarudi, sifongo ikarudi kinywani.

"Hongera, mzee. Umetulia kweli."

Vizibo vilikuja vyeupe, rangi aliyoichagua kwa kuwa ndiyo ya kistaarabu. Nyumbani vilikaa kama vilizaliwa naye. Alivivaa mezani, akavivaa akisoma gazeti, akamwambia mkewe, "Nakusikia vizuri sana, ila kwa adabu."

Jumamosi, ukumbi ukiwa umejaa wageni waliopendeza, Honi alisimama kupiga kipande chake cha peke yake. Akavuta pumzi, akaipanda ile sauti ya juu inayowafanya wageni waweke uma chini. Taya likasogea. Kizibo cha kulia kikaanza kutambaa nje polepole, kikachungulia, kikadondoka, kikaruka jukwaani mara mbili. Cha kushoto nacho kikafuata.

"Jamani!" alipiga kelele mpiga ngoma nyuma yake. "Honi katema jino!"

"Mawili!" akaongeza mwimbaji, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake.

Muziki ukakatika. Mgeni mmoja, mama mwenye huruma, alivizoa vile vitu vyeupe kwa kitambaa cha mezani bila kuvitazama, akamkabidhi. "Pole sana, baba. Daktari mzuri atayarudisha."

"Si meno," alisema Honi, midomo ikiwa imebanwa.

"Basi fungua mdomo tuone!" mpiga ngoma akamtania.

"Sifungui."

Hapo kila mtu akaamini.

Siku ya pili yake wifi wa mkewe alileta supu, eti kwa ajili ya fizi.

"Mume wangu," mkewe alisema, "mtaa mzima unajua huna meno."

"Ninayo yote!"

"Waonyeshe, basi."

"Nikae mdomo wazi barabarani, mimi?"

"Haya, kunywa supu." Kisha akashusha sauti, na hakuwa anatania tena. "Na sikiliza. Ama unarudi kwa yule binti, ama tarumbeta naifungia kabatini na ufunguo nauvaa shingoni. Sitaki kuzeeka nikiongea na ukuta."

Honi alirudi, tarumbeta kwapani. Binti aligeuzageuza vizibo.

"Mzee, ile sifongo uliing'ata?"

"Niliing'ata. Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Ulipokuwepo."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Akachanganya rojo upya, akamwambia safari hii akae kama anapuliza. Honi akajaribu, akatikisa kichwa.

"Mdomo wangu haujui kuigiza. Bila sauti haukai sawa."

"Basi piga!"

Akapiga. Taya lilikwenda lilikozoea kwenda, mashavu yakajaa, na kioo cha ukutani kikamwonyesha mzee wa hali ya ajabu ambaye safari hii hakumwonea haya. Chumba cha pili, watu waliokuwa wanangoja kupimwa usikivu walisimama wote kwa pamoja. Muuguzi alisema baadaye kwamba siku hiyo hakuna aliyefeli kipimo.

Vizibo vipya vilipofika, Honi alipanda jukwaani akiwa na wasiwasi wa bwana harusi. Akaipanda ile sauti ya juu, akakaa hukohuko. Kulia, kimya. Kushoto, kimya. Hakuna kilichotambaa. Na kwa kuwa makelele yalikuwa yamepungua, kila chombo kilisimama mahali pake, peke yake, safi kabisa. Wimbo ulipokwisha akamgeukia mpiga ngoma, uso umekunjamana.

"Wewe! Kumbe unachelewa mdundo!"

"Nachelewa tangu tulipoajiriwa," alijibu mpiga ngoma. "Ndiyo kwanza unasikia?"

Honi akacheka kwa sauti, mdomo wazi mpaka magego, na ukumbi mzima ukayaona meno yote, hakuna pengo.