Gari Haliingii Kwenye Valizi

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, mtu anayengoja kuondoka hanunui kitu kizito. Sufuria, sawa. Cherehani, sawa, maana cherehani inalisha. Lakini kabati, kitanda cha mbao ngumu, mlango wa chuma, hivyo hununuliwa na watu waliokata tamaa. Sisi wenye faili zilizolala mahali fulani, tunaongoja kupelekwa nchi ya tatu, Kanada au Australia au popote watakapotutaka, tunaishi kama abiria. Kila tulicho nacho lazima kiweze kuuzwa asubuhi moja, au kuachiwa jirani bila kuumia roho.

Mimi nilikuwa bingwa wa maisha hayo. Tangu tufike kutoka Bukavu kule Kongo, kuta za nyumba yetu hazikuwahi kupigwa plasta. Chumvi nilinunua ya pakiti ndogo. Mume wangu aliposema tupande hata mti mmoja wa parachichi nyuma ya nyumba, nilimwuliza ni nani atakayekula matunda yake. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema. Niliogopa kwamba nikipiga ule ukuta plasta, Mungu ataona nimeridhika, na nafasi yetu kwenye ndege atampa mwingine.

Sasa mtu ataelewa jinsi nilivyopokea habari ya gari.

Mume wangu alikuwa dereva kule Bukavu. Miaka mingi aliendesha gari la Kifaransa la watu wa kanisa, lile la nyuma ndefu tuliloliita break, na tangu tukimbie hakuna juma lililopita bila yeye kulitaja, kwa sauti ileile wanayotumia watu kumtaja marehemu. Malawi imejaa magari ya Kijapani. Vipuri vyake vinapatikana kila kona, na mwenye akili hununua hayo. Lakini siku moja alipeleka Area 18, mtaa wa Lilongwe, sare za shule nilizokuwa nimeshona, na uani kwa bibi mmoja Mbelgiji akaona break ya Kifaransa, rangi ya chai ya maziwa. Alirudi amesahau hata kunipa salamu za mteja.

"Mama, niliona gari."

"Uliona gari. Bien. Miye niliona ngombe tatu leo asubui."

"Iko ya kuuzisha."

"Na ngombe zilikuwa za kuuzisha."

Alicheka, lakini hakunyamaza. Alivuta kigoda akakaa karibu na cherehani yangu.

"Tuko tunangoja, sikatae. Lakini tungoje tukiwa tunatembea. Kila juma unabeba mizigo ku minibus, kitambaa ya Biwi, sare za Likuni, njo mugongo inakuuma usiku yote. Twende tuangalie tu."

Kutazama hakuna ushuru, nikaenda. Yule bibi alikuwa amewafundisha wakulima kwa miaka mingi, na sasa alikuwa anarudi kwao. Viti vyake vilikuwa nje kwenye majani, vitabu kwenye maboksi, mbwa ameshapewa jirani. Alizungumza nasi Kifaransa kwa furaha ya mtu aliyekosa wa kuongea naye. Mimi nilikuwa namjibu kwa adabu huku moyo unanichoma. Aliamua mwezi uliopita kwamba anaondoka, na juma lijalo anaondoka. Ni hivyo tu. Hakuna aliyemwuliza maswali, hakuna aliyemrudisha nyumbani kungoja simu. Nilimwonea wivu mbaya, na kidogo nilimchukia, na chai yake nilikunywa.

Kisha akawasha gari. Lilikuwa limelala chini, tumbo karibu liguse ardhi, nikafikiri ndiyo uzee. Injini ilipoanza kunguruma, makalio yakainuka kwanza, polepole, halafu kichwa, vile ng'ombe anavyoamka. Halina springi kama magari ya watu wengine. Lina mafuta ya kijani yanayosukumwa na pampu, na kwenye kila gurudumu kuna tufe la chuma lenye gesi, ambalo mafundi wetu wanaliita boule. Ndiyo maana likienda barabarani haligongi, linaelea.

Mume wangu alikaa kwenye usukani. Mkono wake wa kulia ulitafuta gia ukagonga mlango, maana kwetu usukani uko kushoto, na hapo akacheka peke yake, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu Bukavu. Akiba yetu ilikuwa yangu kuliko yake, na ningeweza kukataa. Sikupata nguvu.

Kwetu kitu kipya lazima kinyweshwe, tunasema kuaroze, la sivyo watu watasema umekificha. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hiyo ilikuwa Fanta. Wanakwaya walikuja, mchungaji akaweka mkono juu ya boneti akaomba kwa kirefu. Baada ya amina, jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Fizi aliyekuwa rafiki yangu kuliko wote hapa, alinikumbatia akaniminya.

"Kumbe dossier yenu ilikataliwa, na haukuniambia."

"Haikukataliwa. Faili yetu iko vilevile."

"Pole, mama yangu. Mungu iko."

"Nakuambia haikukataliwa. Ni gari tu."

"Njo vile," alisema, akanipigapiga mgongoni. "Courage."

Si yeye peke yake. Watu walikunywa Fanta yangu kwa nyuso za matanga. Mama mmoja aliniambia kwamba Malawi nayo ina watu wazuri. Walipoondoka nilimgeukia mume wangu nikamwambia haya sasa, umetuzika tukiwa hai. Naye alikuwa anafuta alama za vidole vya mchungaji kwenye boneti kwa kitambaa.

Lakini gari lilikuwa tamu, acha niseme ukweli. Tulikuwa tunatoka Dzaleka asubuhi na marobota ya sare nyuma, mimi mbele nimekaa kama mke wa waziri, tunafika Likuni nguo hazina hata mkunjo. Kwenye kizuizi cha barabarani, polisi wakimaliza kuangalia karatasi walikuwa wanaomba mume wangu apandishe gari na kulishusha, wanacheka. Wateja wa Biwi waliokuwa wananiita mama wa Dzaleka wakaanza kuniita mama wa ile gari. Kazi ikaongezeka. Nilikuwa nashona huku naimba, na mara nyingine nilikuwa nashtuka kwamba siku nzima imepita sijaangalia simu kama imelia.

Matunzo ndiyo yalituletea maneno. Mafundi wa Lilongwe walifungua boneti, wakatazama yale mafuta ya kijani, wakafunga. Zikomo, asante, endeni salama. Tukabaki na fundi mmoja wa Uvira, hapa hapa kambini, aliyewahi kuyaona magari haya Bujumbura. Na fundi wa Dzaleka, awe wa magari, wa mabati au wa viatu, ana swali lake la kwanza, anauliza kabla hata ya kutaja bei:

"Unataka ya kungoja ao ya kubakia?"

Ya kungoja maana yake kamba, gundi, kipande cha tairi, kitu cha kukusogeza mpaka simu yako ipigwe. Ya kubakia maana yake kifaa kipya, kazi ya kweli. Sijawahi kumsikia mtu akijibu ya kubakia kwa sauti kubwa. Mimi nilijibu ya kungoja kwa paa, kwa viatu, kwa jino langu la nyuma, na kwa gari pia. Mume wangu alipotaka kununua mafuta ya kijani galoni nzima, nilimwambia chukua chupa moja, hiyo nyingine tutamwachia nani? Mpira wa kupitisha mafuta ulipopasuka tulifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Boule zilikuwa zimeanza kuchoka, gari likawa linaturusha kwenye mashimo. Kila mara nilikuwa nasema, litafika.

"Lifike wapi?" mume wangu aliuliza siku moja. Nikaendelea kukanyaga cherehani.

Halafu simu ikalia, lakini kwa jirani yangu wa Fizi.

Nilifurahi. Tena nililia, na machozi yale yalikuwa mchanganyiko, sitajaribu kuyatenganisha. Asubuhi ya safari aliniita nyumbani kwake. Valizi yake ilikuwa kitandani, wazi. Ilikuwa tayari chini ya kitanda tangu nimjue, kila mtu aliifahamu, na sasa walikuwa wameipima uzito wakamwambia apunguze. Sakafuni alikuwa ametoa sahani, seti nzima ya udongo mweupe yenye maua ya bluu kwenye ukingo, bado zimefungwa kwenye karatasi za dukani. Alikuwa amezinunua zamani, azipeleke kwenye nyumba yake ya huko. Miaka yote hiyo nimekula kwake kwenye sahani za plastiki zilizounguzwa pembeni, mume wake naye alikula kwenye hizohizo mpaka tukamzika.

"Chukua," aliniambia. "Haziingie."

"Utanunua zingine kule."

"Nitanunua." Akaishika moja, akaizungusha mkononi. "Unajua haijawekwa chakula hata siku moja?"

Nilizibeba nikaziweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

Basi lao lilikwenda uwanja wa ndege, na sisi tukalifuata na dada wawili wa rafiki yangu. Tuliwapungia mpaka mikono ikachoka. Wale dada wakabaki Lilongwe kwa ndugu, na mimi na mume wangu tukaanza kurudi. Hatukufika mbali. Taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, usukani ukawa mgumu, na mume wangu akalitoa gari pembeni harakaraka kabla breki hazijaisha nguvu. Likashuka. Lilishuka hadi mwisho, likalala kwenye majani, na halikuinuka tena hata injini iliponguruma. Lori la tumbaku lililokuwa linarudi tupu ndilo lilituvuta hadi kambini.

Fundi wa Uvira alikaa chini ya gari nusu ya siku. Akatoka akisema pampu imekufa.

"Naweza kuondosha yote, niweke springi za gari ya Japani," alisema. "Itasimama. Haitapanda tena, haitashuka, itakuwa gari ya kawaida ya kuruka-ruka. Ao mutafute pampu ya kweli. Sasa, ya kungoja ao ya kubakia?"

Mume wangu aliangalia mikono yake iliyojaa mafuta.

"Uliza mama," alisema, akaingia ndani.

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Angenikaripia ningejua la kujibu. Nilimwambia fundi nitampa jibu kesho.

Nikamkuta mume wangu amekaa kitandani. Juu ya meza zile sahani zilikuwa vilevile na karatasi zao. Nilizitazama muda mrefu. Nilifikiria mahali ambapo rafiki yangu alikuwa wakati ule, hewani, na jinsi nilivyokuwa nimemwona akiishi karibu yangu bila kuishi. Na mimi je? Mtoto wetu wa mwisho alizaliwa hapa na sasa ananipita urefu. Mvi zangu zimetokea hapa. Nilijisikia kama mtu aliyekaa stendi hadi akasahau kwamba hata pale stendi watu wanazaa na kuzika.

Nikafungua karatasi, nikaosha sahani mbili, nikapakua ugali na mboga ya lengalenga. Mume wangu aliitazama sahani yake, akanitazama mimi, akala.

Kesho yake tulipanda minibus hadi Lilongwe, kwenye duka la mtu anayeagiza vipuri vya magari ya Ulaya. Alikuwa Mmalawi wa umri wangu, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mume wangu alimweleza pampu. Yule bwana akatafuta kwenye kompyuta yake, akapata, kisha akaondoa mikono kwenye kibodi akatugeukia.

"Nyinyi ni wa Dzaleka?"

Tukasema ndiyo.

"Mnisamehe, amayi. Kifaa hiki kitatoka Ulaya kwa meli. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, na kitafika mahindi yakishavunwa, labda baadaye zaidi. Watu wa kwenu wameshanifanyia hivi. Wanaagiza, ninaleta, nikipiga simu naambiwa mwenyewe yuko Kanada. Hakuna mwingine hapa atakayenunua pampu ya gari kama hili." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Naomba mniambie ukweli. Mahindi yakivunwa, mtakuwa hapa?"

Mume wangu alikuwa anatazama bango la mafuta ya injini ukutani, kama mtu anayesoma Injili. Alikuwa akiniachia, na nilijua kwamba kwa jambo hili hatanisukuma hata nikikaa kimya mpaka duka lifungwe.

Niliona ndege yetu ikiondoka, naapa niliiona, na viti vyetu vitupu ndani yake. Nikashika ukingo wa kaunta.

"Tutakuwepo," nikasema. "Na usilete pampu peke yake. Lete na zile boule, zote."